Chumvi, uso na waya: kamera za nje kwa nyumba za Tanga

Kabla hujaingia dukani, chukua tepu ya kupimia. Mtu mmoja asimame getini, mwingine ashike mwanzo wa tepu ukutani pale mnapokusudia kufunga kamera, kisha mpime mpaka usoni mwa huyo wa getini. Andikeni. Pimeni tena mpaka mlango wa jikoni, mpaka kwenye tangi la maji, mpaka pikipiki inapolala. Namba hizo nne au tano ndizo zinazochagua kamera; dukani mnakwenda kuzitafutia kifaa tu.

Sisi tunaofunga kamera hapa Tanga, kuanzia Raskazone na Sahare kule pwani mpaka Kange na Pongwe, tumefika kwenye tepu baada ya kusikia lalamiko moja mara nyingi mno. Kamera imerekodi, diski haina hitilafu, mtu anaonekana anaruka ukuta, anavuka ua, anabeba, anaondoka, na watu wa nyumba wamekaa mbele ya televisheni hawajui ni nani. Uso wake ni doa. Mwenye nyumba anaumia mara mbili: kaibiwa, na kamera aliyoinunua kwa jasho haikumwambia kitu.

Kuona kwamba kuna mtu, kumjua mtu unayemfahamu, na kumtambua mtu usiyewahi kumwona ni kazi tatu tofauti. Kiwango cha Ulaya cha kamera za ulinzi, EN 62676-4 toleo la mwaka 2015, kinazipa namba: pikseli 25, yaani nukta zinazounda picha, kwa kila mita ya upana wa eneo zinatosha kujua kuna mtu, 125 zinatosha kumjua unayemfahamu, na 250 zinahitajika kumtambua mgeni. Sasa piga hesabu. Kamera ya megapikseli 4 ina pikseli 2560 kwa upana. Gawanya kwa 250, unapata mita 10 na kidogo. Yaani eneo linaloonekana likishapanuka kupita mita 10, sura ya mgeni imekwenda.

Lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo imejaa madukani, hufungua pembe ya nyuzi 100 hivi. Eneo lake linafika upana wa mita 10 ukiwa umesogea mita 4 tu na kidogo kutoka kwenye kamera. Lenzi ya milimita 4 inakupa karibu mita 6. Ya milimita 6 inakupa karibu mita 10. Basi kama tepu ilisoma mita 9 kutoka upenuni mpaka getini na umefunga 2.8, utaona ua wote, mnazi, ukuta wa jirani na mawingu, ila anayeingia getini humjui. Watu huipenda 2.8 kwa sababu siku ya kufunga inaonyesha kila kitu kwenye skrini, na fundi anasifiwa. Ushauri wetu ni mmoja na hatuubadilishi: kamera moja pana upenuni kwa ajili ya kuona mwendo wa mtu, na nyingine yenye lenzi nyembamba, au iliyofungwa karibu kabisa na geti, kwa ajili ya uso. Fedha ikitosha kamera mbili tu kwa upande wa mbele, zigawe hivyo.

Kuvuta picha baada ya kurekodi hakuongezi kitu. Kunakuza doa likawa doa kubwa. Na kukimbilia megapikseli 8 si dawa ya moja kwa moja. Mchana zinasaidia, lakini usiku pikseli nyingi zikibanwa kwenye kitambuzi kidogo kila moja hupata mwanga kidogo, na picha inajaa chenga. Kati ya megapikseli 8 kwenye kitambuzi cha 1/3 na megapikseli 4 kwenye kitambuzi cha 1/1.8, sisi tunachukua ya pili bila kusita. Ukubwa wa kitambuzi huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya kamera. Muuzaji asiye na karatasi hiyo, mwache. Na ukinunua mashine ya kurekodi ya kamera za waya wa koaksia, ule unaofanana na wa antena ya televisheni, soma vizuri: palipoandikwa 1080N, upana wa picha umekatwa nusu, pikseli 960 badala ya 1920. Kamera yako nzuri itarekodiwa nusu yake.

Urefu wa kufunga ni mita 2.5 mpaka 3. Kamera ikiwa mita 3 juu na mtu yuko mita 4 mbele, inamtazama kwa mteremko wa nyuzi 19 hivi, uso unaonekana. Ipandishe mita 5 kwa kuogopa isiibwe, mteremko unafika nyuzi 40, na kinachorekodiwa ni kofia na mabega. Ukihofia mkono wa mtu, chagua yenye ganda la IK10 linalohimili kipigo, na upeleke kamera ya pili iitazame ya kwanza.

Kisha jua. Tanga bahari iko mashariki, na nyumba nyingi za ufukweni zimeelekeza geti au baraza huko. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa mbili jua linaingia moja kwa moja ndani ya lenzi, na anayeingia getini anageuka kivuli cheusi. Hapo unahitaji kamera yenye WDR halisi, yaani uwezo wa kusawazisha mwanga mkali na kivuli, iliyoandikwa dB 120 au zaidi. Ile inayoandikwa DWDR ni kompyuta inayong'arisha picha tu, haipigi picha mbili za mwanga tofauti na kuziunganisha. Bora kuliko vyote ni kuigeuza kamera nyuzi 20 au 30 kuelekea kaskazini au kusini, au kuisogeza ndani zaidi ya upenu. Mchana jua linakuwa utosini, halisumbui.

Tukifika kwenye chumvi ndipo tunapoomba msomaji atulie, maana wezi hawajaua kamera nyingi hapa kama hewa ya bahari ilivyoziua.

Boksi limeandikwa IP67. Sita ya mbele inamaanisha vumbi haliingii. Saba inamaanisha kamera inaweza kuzama mita moja kwa dakika 30 isiingie maji. Ni kweli, lakini namba hiyo ni ya mwili wa kamera. Nyuma ya kamera unatoka mkia wa waya wenye tundu la plagi ya RJ45, ile ya waya wa mtandao, na mkia huo haumo kwenye ahadi mpaka uufunge wewe. Panda ngazi kwenye kamera iliyofungwa ovyo na kukaa masika mawili karibu na ufukwe, vuta mkia uliosukumiwa ndani ya tundu la ukuta, chomoa plagi. Utaona unga wa kijani umekaa kwenye pini, kama ule wa kwenye sufuria ya shaba iliyosahauliwa na chumvi ndani. Pini mbili au tatu zimekwisha kabisa, zimebaki ncha nyeusi. Zilizoliwa ni zile zinazobeba umeme: PoE, yaani umeme unaopita ndani ya waya wa mtandao wenyewe, inapitisha karibu volti 48 kwenye pini hizo hizo za data, na unyevu wenye chumvi unapitisha mkondo kutoka pini hadi pini usiku na mchana, na shaba inayeyuka kidogo kidogo. Dalili zake hujitokeza mapema ukizijua. Mvua ikinyesha kamera inapotea, jua likitoka inarudi. Baadaye inapotea asubuhi kwa umande tu. Watu hubadilisha kamera. Kamera ni nzima, plagi ndiyo iliyokufa.

Kufunga kiungo hicho inavyotakiwa kunachukua dakika 15. Kamera nyingi huja na kofia ndogo ya plastiki yenye mpira, na kofia hiyo lazima ipitishwe kwenye waya kabla ya kubana plagi. Fundi akishabana, haipiti tena, ndiyo maana unazikuta zimetupwa chini ya ngazi. Jaza tundu la plagi grisi ya silikoni, ile isiyopitisha umeme, sukuma plagi, kaza kofia. Juu yake zungusha tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukiivuta mpaka inyooke maradufu na kila mzunguko ukilala juu ya nusu ya uliotangulia. Kisha yote yaingie ndani ya kisanduku cha plastiki, nyuma ya kamera, chenye tundu upande wa chini na glandi ya mpira inayobana waya. Waya ushuke kwanza sentimita 10 chini ya kisanduku halafu upande kuingia, maji yafuate waya mpaka kwenye kona ya chini yadondoke hapo. Tundu la ukutani litobolewe likipanda kutoka nje kwenda ndani, mvua isipate mteremko wa kuingilia.

Silikoni ya kuzibia inuse kwanza. Inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula shaba. Tumeona watu wakiziba kwa nia njema na kuharakisha maradhi. Tafuta isiyo na harufu ya siki. Ziba juu na pembeni mwa kitako cha kamera, upande wa chini uache wazi, maana maji yakipata njia ya kuingia ni lazima yapate ya kutokea.

Skrubu zinazokuja kwenye boksi, ziache kwenye boksi. Zimepakwa zinki, zinang'aa siku ya kwanza, zinki ikishaliwa chuma kinabaki uchi na machozi ya kutu yanateremka kwenye ukuta mweupe. Nunua za chuma cha pua cha 316, huandikwa A4. Zenye alama A2 ni 304. Zinafaa Kange, lakini si mita mia moja kutoka baharini. Sumaku inakusaidia kugundua chuma cha kawaida kilichong'arishwa kwa sababu inakishika kwa nguvu, ila haitakutofautishia A2 na A4. Mwili wa kamera mara nyingi ni alumini, na alumini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi huliwa yenyewe: weka washa ya nailoni chini ya kichwa cha skrubu, yaani ile pete ya plastiki, na grisi kidogo kwenye meno. Kamera ya ganda la plastiki gumu karibu na maji si ya kudharau kabisa. Inakosa fahari ya chuma lakini haina cha kuliwa.

Kwenye nyumba za zamani zenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, zima nyundo ya drili. Toboa kwa kuzungusha tu, kwa keekee la milimita 8, uingie sentimita 7 au 8, kwa sababu juu ni plasta na chokaa laini, jiwe lenye kushika liko ndani. Ukigonga, tundu linakuwa pango.

Waya ndio tunaogombana nao zaidi sokoni. Kuna maboksi yameandikwa Cat6, aina ya waya wa mtandao, na ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha boksi. Au ukunje na kuukunjua mara kadhaa. Alumini inakatika upesi, shaba inavumilia. Boksi la mita 305 la shaba tupu ni zito, mkono unajua. Alumini inapoteza umeme zaidi njiani, na kwa PoE hilo linaonekana usiku. Kwa nje taka ganda jeusi la polithini linalohimili jua. Lile la kijivu la ndani hupasuka kwa jua letu, na ufa ukishaingia maji hufuata waya mpaka kwenye mashine. Kutoka swichi ya mtandao, kifaa kinachounganisha waya za kamera zote, mpaka kamera usizidi mita 100. Darini panya wapo, basi pitisha kwenye paipu za umeme.

Kwa wanaotumia koaksia na umeme wa volti 12, kuna ugonjwa mmoja unaowachanganya hata mafundi: kamera inafanya kazi mchana kutwa, giza likiingia inawaka na kuzima, inawaka na kuzima mpaka alfajiri. Watu husema imeharibika. Pima. Mchana inakula mkondo mdogo. Usiku taa za infraredi, za mwanga usioonekana kwa macho ambao kamera huonea gizani, zikiwaka inafika kama nusu ampea. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.2, urefu wa mita 30, kwenda na kurudi ni mita 60, unapoteza karibu volti 2.6 kwa mkondo huo. Kamera inapata 9.4, inazima, taa zikizima volti zinapanda, inawaka tena, taa zinawaka, inazima. Badilisha waya wa umeme tu, weka wa 0.75, hasara inashuka mpaka volti 0.7 na ugonjwa umekwisha. Usiongeze volti kwenye adapta kwa kubahatisha, kamera iliyo karibu itaungua.

Sisi kwa nyumba mpya tunapendekeza kamera za mtandao zenye PoE. Waya mmoja, na swichi ya kawaida ya 802.3af inatoa wati 15.4 kwa kila tundu, zaidi ya mahitaji ya kamera nyingi za nyumbani. Faida kubwa ni kwamba umeme wote unatoka sehemu moja, na sehemu moja ni rahisi kuilinda.

Na kuilinda ni lazima. Umeme wa TANESCO ukikatika hauui kitu. Unaporudi ndipo unapoua. Weka kifaa kinachochelewesha umeme dakika chache kabla ya kuupitisha, kama wanavyolindia friji, kisha betri. Piga hesabu ya mzigo: mashine ya kurekodi na diski yake wati 16, kamera nne wati 24, ruta wati 8, jumla 48. Betri ndogo ya UPS ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84 kwenye karatasi. Kwa uhalisi itakupa saa moja, au pungufu. Betri ya ampea-saa 100 ukiitumia nusu yake, ili idumu, ina wati-saa 600, na ukiondoa hasara ya inveta unapata saa 10 hivi, usiku mzima. Mwizi anayeijua mitaa anasubiri giza la umeme kukatika, kwa hiyo betri usiifanye nyongeza ya baadaye. Radi za masika nazo zinaingia kwa waya mrefu uliopita nje. Waya wa kwenda geti la mbali uwekee kinga ya radi pande zote mbili, nayo iunganishwe na ethi ya kweli, fimbo iliyozamishwa ardhini, isiwe waya wa kijani uliokatwa na kufichwa nyuma ya soketi.

Diski. Kamera moja ikirekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde inakula gigabaiti 43 kwa siku. Nne zinakula 173, na diski ya terabaiti 2 inajaa baada ya siku 11 na nusu. Badilisha mfumo wa kubana picha uwe H.265, shusha mpaka megabiti 2, unapata siku 23. Wengi hugundua wizi mdogo baada ya wiki mbili, wakihesabu vitu. Jitahidi uvuke siku 14. Chukua diski iliyotengenezwa kwa kurekodi saa zote, kama WD Purple au Seagate SkyHawk. Na mashine yenyewe isikae chini ya televisheni ambapo mwizi anaibeba na kila ilichokiona. Iwe kwenye kabati lililofungwa, lenye matundu ya hewa, kwa sababu joto la Februari hapa halina huruma.

Usiku una mambo yake. Mashine iweke kwenye PAL, hetsi 50, maana umeme wetu ni wa hetsi 50. Ukiacha 60 taa za nje zinaleta mistari inayopanda kwenye picha. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufungua kupokea mwanga, usiruhusu ishuke chini ya 1/25 ya sekunde. Kamera nyingi zikiachiwa zijiamulie huifungua 1/12 au zaidi ili picha ionekane ang'avu, ua unapendeza kama mchana, na mtu anayetembea anapita kama moshi. Picha yenye giza kidogo na uso usiocheza ni bora. Kamera ya domu, ile yenye bakuli la plastiki, usiku hurudisha mwanga wake yenyewe bakuli likichafuka kwa chumvi. Sisi tunapenda tareti, jicho linalozunguka ndani ya kikombe, halina bakuli. Usifunge kamera karibu sana na ukuta au chini kabisa ya ubao wa upenu, infraredi ikigonga hapo picha yote inakuwa ukungu mweupe.

Buibui anapenda pale wadudu wanapokusanyika. Uzi mmoja mbele ya lenzi usiku unaonekana kama kamba nyeupe, ukitikiswa na upepo kengele za simu zinalia usiku kucha, mwishowe mwenye nyumba anazizima, na hapo ndipo hatari ilipo. Dawa tunayoiamini ni kuzima infraredi ya kamera na kufunga taa ya infraredi ya pembeni, umbali wa mita moja au mbili. Wadudu wanahamia kwenye taa. Brashi laini kwenye fimbo ndefu, mara moja kwa wiki. Na kila mwezi, zaidi wakati wa kusi, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi kisha futa kwa kitambaa laini. Usianze na kitambaa, chumvi kavu inakwaruza.

Kamera za waifai na za sola tunazifunga pale tu ambapo waya haufiki. Kuta nene na mageti ya chuma hukata mawimbi. Za sola hulala mpaka kihisi cha joto la mwili kiziamshe, na kihisi hicho hupima tofauti kati ya joto la mtu na la vitu vinavyomzunguka. Usiku wa joto kali tofauti hiyo ni ndogo, mtu anaweza kuwa ameshapita nusu ya ua kabla haijaamka. Ukitazama kwa laini ya simu, picha ya megabiti 1 kwa sekunde inakula megabaiti 450 kwa saa. Chagua ile picha ndogo ya pembeni, inayoandikwa sub stream, unapotazama kwa mbali.

Kuna jambo la ujirani. Ngamiani nyumba zimekaribiana, uani kwa mtu kunaonekana kutoka upenu wa mwingine. Ngazi ikishasimama, sauti inatoka ng'ambo ya ukuta. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu. Hilo jicho linanitazama mimi nikioga?" Swali hilo linastahili jibu kabla ya skrubu ya kwanza. Mwalike mwanawe au mjukuu wake aje aone skrini. Kamera zote zenye heshima zina uwezo wa kufunika sehemu ya picha kwa rangi nyeusi. Funika uani kwake na madirisha yake, mwonyeshe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeshaanza kutumika, na sura ya mtu ni taarifa yake. Kamera itazame kwako.

Akaunti ya kamera isajiliwe kwa namba na barua pepe ya mwenye nyumba, siku hiyo hiyo, yeye akiwa ameshika simu. Fundi akisajili kwa yake, kamera imefungwa kwake. Akihama au akikorofishana nawe, ni vigumu kuisajili upya bila yeye. Neno la siri la kiwandani libadilishwe, na fundi asilijue jipya.

Mwisho wa kazi tunarekebisha saa, na hapa pana kosa la Kiswahili ambalo mashine haijui. Mama wa nyumba anasema mbwa walibweka saa nane usiku. Kijana anatafuta 08:00 na kukuta watoto wanakwenda shule. Saa nane usiku kwenye mashine ni 02:00. Tarehe nayo inabadilika saa sita usiku, ilhali sisi watu wa pwani tukisema usiku wa Jumamosi wengi tunamaanisha usiku wa kuamkia Jumamosi. Saa nne ya usiku huo mashine bado inaandika Ijumaa, saa nane tayari inaandika Jumamosi. Tunaandika karatasi ndogo, saa zetu upande mmoja na za mashine upande wa pili, tunaibandika ndani ya mlango wa kabati. Kisha mwenye nyumba mwenyewe, bila kuguswa mkono, anatafuta dakika tano za saa nane usiku wa kuamkia leo, anazitoa kwenye flashi, anazifungua kwenye kompyuta nyingine kama atakavyopaswa kufanya siku akienda polisi na RB yake mkononi. Akikwama, tunarudia mpaka aweze, ndipo tunapokunja ngazi.